Baina ya Taa na Baa: Macho ya Mwanafunzi wa Kiswahili mbele ya Tarakilishi

Kosa lililonifikisha kwa mpimaji wa macho lilikuwa la nukta mbili tu. Katika mwaka wangu wa kwanza wa masomo ya uzamili nilikuwa nikihawilisha, kutoka hati za Kiarabu hadi hati za Kirumi, nakala moja ya utenzi wa zamani. Nakala yenyewe sikuwa nayo mkononi. Nilikuwa na picha zake katika tarakilishi. Msomaji anayezijua hati hizo anafahamu kwamba umbo moja dogo, mfano wa jino, hubeba herufi kadhaa, na kinachozitenga ni nukta peke yake. Ukilitia jino hilo nukta mbili juu na kulifuatishia alifu, unapata neno taa. Ukilitia nukta moja chini, unapata baa. Mshairi alikuwa ameandika taa. Mimi nikasoma baa. Nukta mbili za juu niliziona kama kistari kimoja, nikakidhania kuwa irabu ya fataha. Na nukta ya mstari uliofuata nikaipandisha juu, nikaifanya kuwa ya herufi yangu. Kisha, kwa bidii ya mwanafunzi anayetaka kufaulu, nikaandika ukurasa mzima na nusu kufafanua taswira ya maangamizi katika ubeti ambao kwa hakika ulizungumzia mwanga.

Msimamizi wangu hakunifokea. Alilizungushia neno lile duara, na pambizoni akaandika neno moja: "Uzembe." Nililikubali. Nilijua kwamba sikuwa nimefanya haraka. Picha ile niliitazama kwa zaidi ya saa mbili, macho yakinichonyota na kichwa kikinigonga. Lakini sikuwa na jina jingine la kosa langu, basi nikalichukua lile nililopewa.

Miezi mitatu baadaye, baada ya maumivu ya kichwa kukataa kwenda, mpimaji wa macho alinikalisha mbele ya ubao wa herufi. Alinivisha fremu nzito ya majaribio, akabadilisha lenzi moja baada ya nyingine, na ghafla herufi zilizokuwa na kivuli zikaacha kivuli chao, zikasimama.

"Umekuwa ukiona hivi tangu lini, mwanangu?" akaniuliza.

"Sijui, mama," nikamjibu. "Nilidhani kila mtu huona hivi."

Jibu hilo ndilo kiini cha makala haya. Mtu asiyeona vizuri aghalabu hajui kwamba haoni vizuri, kwa sababu hana macho mengine ya kulinganisha nayo. Na maadamu yeye mwenyewe hajui, walio karibu naye hulipa tatizo lake jina jingine. Mwalimu huliita uzembe. Mzazi huliita uvivu wa kusoma. Wenzake huliita majivuno, kwa kuwa anapishana nao uani bila kuwasalimu. Wahenga walisema kwamba akipenda, chongo huita kengeza. Sisi tumeigeuza methali hiyo: tusipojua, kengeza huliita tabia mbaya. Rai yangu ni kwamba katika idara za Kiswahili, ambako kazi yetu yote kuanzia asubuhi hadi usiku ni kusoma, macho yanastahili kuhesabiwa miongoni mwa vifaa vya taaluma, na chama cha wanafunzi ndicho kinachopaswa kulianzisha jambo hili badala ya kungoja chuo kilianzishe.

Pengine msomaji atauliza kwa nini nalisema hili sasa, ilhali watu wamesoma tangu zama za mabamba ya miti na kibatari. Nalisema kwa sababu namna ya kusoma imebadilika kwa kasi kuliko mazoea yetu. Miaka ya 1880 na 1890, mmishonari William Taylor na Mwalimu Sikujua wa Abdallah al-Batawi walipokuwa wakikusanya tungo za Muyaka hapa Mombasa, karatasi ilishikwa mkononi. Msomaji aliisogeza, akaiinamisha penye mwanga, akaiweka chini alipochoka. Leo hati nyingi za Kiswahili zilizokusanywa na akina Taylor na Hichens zimo katika maktaba ya SOAS, London, na picha za nyingi kati ya hizo zimewekwa mtandaoni. Ni neema kubwa. Mwanafunzi asiye na nauli ya kwenda Ulaya anaweza kuzisoma akiwa chumbani mwake. Juni 2009 kebo ya TEAMS ilipofika Mombasa ikipita chini ya bahari, na ile ya SEACOM ikaanza kazi mwezi uliofuata, bahari hiihii iliyozichukua hati zetu ikaanza kuturudishia picha zake. Lakini kila ukurasa unaorudi kwa njia hiyo hurudi katika kiwambo, na kiwambo kina masharti yake kwa jicho.

Si wanafunzi peke yetu. Naishi Mbaraki, upande wa kisiwa unaoelekea Kilindini, na mtaa huu ni ushahidi wa mabadiliko haya. Nguzo ya kale ya mawe ya matumbawe ingali imesimama kando ya msikiti wake, na chini kidogo ipo gati ambako meli hushusha shehena. Baina ya nguzo na gati kuna watu wengi ambao kazi yao ni bandari, lakini hawagusi kamba wala gunia. Mjomba wangu ni mmoja wao. Yeye ni karani katika kampuni ya uwakala wa forodha. Alipoanza kazi alikuwa akibeba mafaili kutoka dirisha moja hadi jingine. Mwaka 2005 Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilipoanzisha mfumo wa Simba, mafaili yakaanza kuingia ndani ya tarakilishi. Mifumo mingine ikaja ikaupokea, na leo siku yake nzima ni tarakimu za makontena katika kiwambo. Tarakimu moja ikikosewa, shehena hukwama na gharama za bandari huanza kuhesabiwa. Kwake yeye, kama kwangu, kosa la jicho lina bei.

Kwa muda mrefu mjomba alikuwa akiishikilia simu yake mbali, mkono ukiwa umenyooka, kana kwamba anampa mtu mwingine aisome. Alisema ni uchovu. Haukuwa uchovu. Ndani ya jicho mna lenzi ambayo ujanani hulegea na kunenepa kwa wepesi ili tuone kilicho karibu. Kadiri umri unavyosonga, lenzi hiyo hukakamaa, na mtu apitapo miaka 40 hivi huanza kushindwa kusoma maandishi madogo kwa karibu. Ni jambo la kila binadamu, halimbagui aliyesoma wala asiyesoma. Mjomba alinunua miwani ya kusomea kwa mchuuzi karibu na Marikiti, na tatizo lake likaisha siku hiyohiyo.

Nami, nilipoona alivyofaulu, nikaiazima miwani yake. Kichwa kiliniuma maradufu. Hapa ndipo nilipojifunza kwamba "macho mabovu" si ugonjwa mmoja. Wapo wasioona mbali: kwao mwanga hukutana kabla ya kufika kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea taswira. Wapo wasioona karibu: kwao mwanga haujakutana bado ufikapo kwenye retina. Na wapo wenye hali iitwayo astigimatizimu, ambayo ndiyo yangu: uso wa jicho haukupinda sawasawa pande zote, basi nukta huvutika ikawa mstari, na mistari miwili iliyokaribiana huingiliana. Miwani iliyotengenezwa tayari humfaa mtu aliye kama mjomba, mwenye macho mawili yanayolingana na haja ya kusoma kwa karibu tu. Haimfai mwenye astigimatizimu, wala yule ambaye jicho moja limetofautiana na jingine. Simlaumu mchuuzi, yeye anauza alicho nacho, na kwa wazee wengi anauza msaada wa kweli. Ila miwani yake haiwezi kuchukua nafasi ya kipimo, kwa sababu haipimi.

Njia za kurekebisha uoni ni tatu, na ni vyema mwanafunzi azijue kabla hajashawishiwa na yeyote. Ya kwanza ni miwani iliyopimwa. Ndiyo iliyo salama zaidi, ndiyo inayorekebishika kwa urahisi hali inapobadilika, na kwa wengi wetu ndiyo inayotosha. Ya pili ni lenzi za kubandika juu ya jicho. Hizi huwafaa wanamichezo na wasiopenda fremu usoni, lakini zina nidhamu kali: mikono inawiwe kwanza, zisioshwe kwa maji ya bomba, zisivaliwe wakati wa kuogelea, na mtu asilale nazo ila aliporuhusiwa na daktari wake. Anayezipuuza amri hizo hujiletea maambukizi yanayoweza kuacha kovu katika jicho. Mwanafunzi wa bwenini ambaye maji huja siku mbili na kukatika siku ya tatu ajiulize kwanza kama ataiweza nidhamu hiyo. Ya tatu ni upasuaji wa leza, unaochonga upya uso wa jicho ili mwanga ukutane mahali pake. Hapa Kenya upasuaji huo hufanywa Nairobi. Huwafaa watu wazima ambao kipimo chao kimetulia, si vijana ambao macho yao yangali yakibadilika; huweza kuacha macho makavu kwa muda; na haumkingi mtu na ule ukakamavu wa lenzi unaokuja na umri. Aliyefanyiwa leza akiwa na miaka 27 asishangae akihitaji miwani ya kusomea akiwa na 47.

Dhidi ya njia hizi zote kuna pingamizi moja ambalo nimelisikia Mji wa Kale, Likoni hadi madarasani: kwamba miwani huyazoesha macho uvivu, na aliyeanza kuivaa hawezi kuiacha tena. Pingamizi hili lina chembe ya uchunguzi wa kweli ndani yake. Ni kweli kwamba aliyeanza kuvaa miwani hutamani kuivaa daima. Lakini sababu si uvivu wa jicho. Sababu ni kwamba sasa ameonja kuona. Miwani haimdhoofishi mtu mzima macho yake. Yapo pia madhara ya kweli ambayo hatuyasemi: watu hutia asali, maji ya majani au dawa ya jirani ndani ya jicho linalowasha, na baadhi ya wanja tunaoupaka una madini ya risasi ambayo ni sumu. Tunaiogopa miwani isiyodhuru na kuyakumbatia yanayodhuru. Tena kuna wasichana wanaoambiwa kwamba miwani itawakimbizia wachumba, wakakubali kukaa nyuma ya darasa wakinakili daftari la jirani. Hapo gharama ya urembo hulipwa kwa alama za mtihani.

Na sasa nije kwenye kiwambo chenyewe, kwani huko nako kumejaa hofu zisizo na msingi na mapuuza yasiyo na udhuru. Hofu isiyo na msingi ni ile kwamba tarakilishi hupofusha. Haipofushi. Inachofanya ni kuchosha. Wahenga walinena kuwa macho hayana pazia, wakimaanisha kwamba hayachagui la kutazama. Lakini kope tunazo, na katika maongezi ya kawaida mtu huzipepesa mara kama 15 kwa dakika. Kila pepeso huyapaka macho machozi yanayoyalainisha. Mbele ya kiwambo mapepeso hayo hupungua hadi nusu au chini ya hapo, na mengine huwa hayakamiliki. Jicho hukauka, likachonyota, likawa jekundu, na maandishi yakaanza kuingia ukungu. Sisi wa Mombasa tuna la ziada: joto hutulazimisha kuwasha feni, na wengi wetu huielekeza usoni. Upepo huo hulikausha jicho ambalo tayari limesahau kupepesa. Nilipoigeuza feni yangu ipulize miguuni, nilipata nafuu ambayo sikuitarajia kwa jambo lisilogharimu hata shilingi moja.

Mengine nayo ni mepesi vivyo hivyo. Kiwambo kiwe umbali wa urefu wa mkono, sentimita 50 hadi 70, na ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho, ili mtu atazame chini kidogo. Dirisha liwe ubavuni. Likiwa nyuma yako, mwanga wake hujimulika kiwamboni, na likiwa mbele, hushindana nacho. Maandishi yakuzwe. Sijui ni nani aliyetufundisha kuona haya kuyakuza maandishi, kana kwamba usomi hupimwa kwa udogo wa herufi. Kisha ipo kanuni ambayo wataalamu huipendekeza na ambayo ni rahisi kuikariri: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa futi 20, yaani mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Misuli inayolilazimisha jicho kuona karibu hulegea hapo. Anayeishi karibu na bahari hana kisingizio. Mimi hutazama mlango wa Kilindini, nikahesabu meli zilizo kwenye foleni, nikarudi kwenye utenzi wangu.

Kuna jambo ambalo silipendekezi, nalo ndilo linalotangazwa zaidi: miwani ya kuchuja mwanga wa samawati, inayouzwa kwa jina la miwani ya kompyuta. Mwaka 2023 shirika la Cochrane, linalojulikana kwa kuchambua tafiti za tiba kwa makini, lilitoa mapitio ya majaribio 17 kuhusu lenzi hizo. Mapitio hayo yalionyesha kuwa huenda hazipunguzi uchovu wa macho unaotokana na tarakilishi, kwa muda mfupi uliochunguzwa, kuliko lenzi za kawaida. Mwanafunzi mwenye fedha chache asinunue rangi ya lenzi kabla ya kununua kipimo. Wengi wanaodhani kiwambo ndicho kinachowaumiza wana kasoro ya uoni ambayo ilikuwapo tangu zamani, na kiwambo kimeifichua tu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwangu.

Tukiupanua mtazamo, tutaona kwamba jambo hili si dogo. Katika ripoti yake ya mwaka 2019 kuhusu uoni, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 wana matatizo ya kuona, na kwamba kwa watu wasiopungua bilioni 1 kati yao tatizo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Kasoro zinazoondolewa kwa miwani ya kawaida zimo humo kwa wingi. Mwaka 2018 utafiti miongoni mwa wachuma chai wa Assam, India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi, ulionyesha kuwa waliopewa miwani ya kuona karibu walichuma kwa asilimia 21.7 zaidi ya wale ambao walikuwa hawajapewa. Hao ni watu wa majani ya chai. Ikiwa mchuma chai hufaidika kiasi hicho, seuze anayechuma nukta?

Hapa kwetu Kenya tuna mfano ulio bora zaidi, na umetufunza jambo ambalo wanafasihi tunalipaswa kulielewa haraka. Mwaka huohuo wa 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika shule 50 za Trans Nzoia. Walimu wa kawaida, si madaktari, walifundishwa kuwapima wanafunzi macho. Katika nusu ya shule walitumia ubao wa kawaida, na watoto waliogunduliwa kuwa na tatizo walipewa barua ya rufaa. Katika nusu nyingine walitumia programu ya simu iitwayo Peek. Mzazi alipelekewa picha iliyochapishwa ikionyesha jinsi mtoto wake anavyouona ulimwengu, kisha akakumbushwa kwa ujumbe wa simu. Katika shule za barua, ni asilimia 22 tu ya watoto waliofika hospitalini. Katika shule za picha na ujumbe, walifika asilimia 54.

Hebu tuitafakari tofauti hiyo. Barua ilimwambia mzazi kwamba mtoto wake haoni. Picha ilimfanya mzazi aone kutoona kwa mtoto wake. Hicho si kitu kigeni kwetu. Ndiyo kazi tunayodai fasihi huifanya, yaani kumkalisha mtu nyuma ya macho ya mwenzake. Tena kifaa kilichofanikisha hayo ni simu, ile ile tunayoilaumu kwa kutuchosha macho. Kwa hiyo simo katika kundi la wanaotaka tuikimbie teknolojia. Nataka tuitawale.

Na sisi watu wa Kiswahili tuna wajibu mwingine ambao hakuna mwanafunzi wa udaktari atakayeutekeleza kwa niaba yetu, nao ni wa lugha. Cheti nilichopewa baada ya kupimwa kilikuwa na safu za tarakimu na vifupisho vya Kiingereza. Mimi mwenye shahada nilikitazama kama mtu anayetazama hirizi. Je, nyanya yangu angekielewaje? Hata maneno tuliyo nayo yana mitego. Kiingereza humtaja mgonjwa kwa umbali anaouona. Humwita mwenye uoni mfupi. Kiswahili humtaja kwa umbali asiouona. Humwita asiyeona mbali. Mtafsiri asiyelijua hilo atamgeuza asiyeona mbali kuwa asiyeona karibu, na mgonjwa ataeleza tatizo moja huku kikiandikwa kingine. Kwa upande mwingine tuna hazina ambayo hatuitumii. Tuna mtoto wa jicho, tuna chongo, tuna makengeza, tuna vikope. Tuna kitenzi kuchonyota, ambacho mimi sijapata neno la Kiingereza la kukifikia. Tunashindwa nini kuandaa ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili sanifu na chepesi, ukakaguliwa na wataalamu wa macho, ukabandikwa ukutani mwa zahanati?

Kwa hayo yote, natoa mapendekezo manne kwa chama chetu. La kwanza, katika wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya, tuweke ubao wa herufi umbali wa mita 6 katika ukumbi wenye mwanga, na kila mwanafunzi, mpya kwa mkongwe, asome kwa jicho moja moja. Fomu ya afya niliyoijaza nilipojiunga na chuo ilikuwa na nafasi ya macho. Iliandikwa "sawa" bila mimi kuulizwa nisome hata herufi moja. Ubao wetu hautatibu, lakini utauliza. Atakayeshindwa aelekezwe kwa wataalamu. Mombasa kuna Hospitali ya Rufaa ya Pwani na kituo cha Lighthouse for Christ, na ng'ambo ya Likoni kuna kituo cha macho cha Kwale. Huko watapimwa pia maradhi ambayo ubao hauwezi kuyaona, kama vile glakoma, ambayo huiba uoni kimyakimya bila maumivu.

La pili, vitini vyetu na jarida letu hili vichapishwe kwa herufi zinazosomeka. Kitini kilichotolewa nakala ya nakala ya nakala, hadi herufi m na n zikafanana, si kitini, ni fumbo. La tatu, iundwe kamati ndogo ya istilahi za macho, ifanye kazi na wauguzi, na matokeo yake yachapishwe humu. La nne nalielekeza kwa walimu wetu, kwa heshima zote: kabla ya kuandika "uzembe" pambizoni, ulizeni kwanza mwanafunzi anakaa wapi darasani, na kama kichwa humuuma anaposoma.

Nitajibiwa kwamba chuo kina matatizo makubwa kuliko macho: karo, malazi, migomo, uhaba wa vitabu. Sikatai. Lakini matatizo hayo yanahitaji bajeti na mikutano mingi, ilhali hili linahitaji karatasi moja ya herufi, misumari minne na asubuhi ya Jumamosi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa huu hauhitaji hata simenti.

Nilipopata miwani yangu, nililifungua tena jalada lile la picha. Niliurudia ubeti wangu. Nukta mbili zilikuwa pale, juu ya jino, zimetengana kama mbegu mbili, wala hazikuhitaji saa mbili za kukodolewa macho. Niliufuta ukurasa na nusu wa maangamizi, nikaanza upya. Kazi hiyo ilinichukua wiki moja. Wapo wenzetu ambao hawajui kwamba wana ukurasa wa kufuta, nao wameketi katika safu ya nyuma wakiamini kwamba Kiswahili kimewashinda. Tuwapime kwanza.